Babu Yako Ana Tuzo Ngapi?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kijana mmoja wa kwaya yetu hapa Chiwata aliniambia bila kusita: "Padre, msanii asiye na tuzo si msanii." Nilicheka, kisha nikajuta kucheka, kwa maana ndivyo tulivyomfundisha.

Tuzo za muziki za taifa letu zilianza mwaka 1999, na kwa miaka mingi zilibeba jina la bia ya Kilimanjaro. Sina ugomvi na bia. Hata harusini Kana watu walikunywa. Nauliza tu: mfanyabiashara anapoandaa karamu, anamtafuta msanii au anamtafuta mnunuzi? Bongo Fleva ikatamalaki, na mwaka 2014 Diamond Platnumz peke yake aliondoka na tuzo 7. Simwonei wivu, amefanya kazi. Lakini urithi wa makabila zaidi ya 120 ukabanwa katika kipengele cha wimbo wenye "vionjo vya asili". Vionjo! Yaani sindimba ya Wamakonde ni chumvi ya kukolezea mchuzi wa mwingine?

Baada ya mwaka 2015 tuzo hizo zikasimama, hadi Baraza la Sanaa la Taifa lilipozirejesha mwaka 2022. Je, katika miaka ile nchi haikuwa na wasanii?

Sikatai kwamba tuzo humwinua mtu. Malipo ya onyesho hupanda, redio humkumbuka, wafadhili hubisha hodi. Hapo ndipo penye hatari, kwani aliyekosa huanza kuiga sauti ya aliyepata, na mwaka unaofuata tunasikia wimbo uleule kwa majina kumi.

Bi Kidude wa Zanzibar alipiga ngoma ya unyago na kuimba taarabu kwa miongo mingi kabla ya kutunukiwa tuzo ya WOMEX, huko Newcastle, Uingereza, mwaka 2005. Alikuwa ajuza tayari. Tuzo ile haikumfanya kuwa msanii; ilichelewa tu kumwona. Alifariki dunia mwaka 2013.

Kijana wetu ndiye mpiga ngoma wa kwaya, na ngoma alifundishwa na babu yake. Nikamuuliza: "Babu yako ana tuzo ngapi?" Akanyamaza. Nimemwomba Jumamosi, saa tisa alasiri, aje naye mazoezini. Mzee ameniletea ujumbe kwamba atakuja, ila ngoma ya parokia imelegea ngozi, kwa hiyo atabeba ya kwake.