Punje Iliyoungua ni Hati Yetu

Wako miongoni mwetu waaminio kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, vinyago na methali tu, na kwamba kemia ni elimu ya wageni iliyoletwa shuleni kwa ajili ya mitihani. Imani hii ni kasumba, nayo yafaa ipigwe vita. Ukulima ndio uliowalisha waliocheza ngoma hizo na kutunga methali hizo. Na sehemu kubwa ya historia ya ukulima wetu, ambayo hakuna karani aliyeiandika, imehifadhiwa ndani ya punje za nafaka zilizoungua motoni.

Atembeaye kutoka Mchafukoge kuelekea Kariakoo hukuta magunia ya mchele, mtama, ulezi, kunde na choroko. Awaulize wapitanjia: wengi watamwambia kuwa ugali wa mahindi ndio chakula cha mababu, na kuwa mtama ni chakula cha shida. Kumbe asili ya mahindi ni Amerika, nayo hayakuvuka bahari kabla ya 1492. Muhogo nao ni vivyo hivyo. Mtama ulikuwa tayari ukilimwa mashariki ya Sudani zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Basi tumejizoeza kukidharau kilicho cha bara letu, na kukiita cha jadi kilichokuja juzi.

Ushahidi huu haukutoka katika masimulizi matupu. Punje ikiungua pasipo kuwa jivu hugeuka mkaa, na mkaa hauliwi na wadudu wala hauozi upesi. Mchimbaji huutia majini udongo wa meko ya kale. Udongo huzama, punje huelea. Kisha kemia huanza kuihoji ile punje. Kaboni-14 iliyomo hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, hivyo humwambia mpimaji umri wake. Kiasi cha kaboni-13 huitenga jamii ya mtama na uwele na jamii ya mpunga na kunde. Tena katika mimea ya jamii hii ya pili chaweza kuonyesha kama shamba lilipata maji ya kutosha. Naitrojeni-15 ikizidi, aghalabu ni dalili ya samadi shambani. Kwa njia hiyo, mwaka 2013 Amy Bogaard na wenzake walionyesha kuwa wakulima wa kwanza wa Ulaya walitia mashamba yao samadi.

Na hapa kwetu? Katika pango la Kakapel, magharibi ya Kenya, kunde iliyopimwa ilionekana kuwa na umri wa miaka 2,300 hivi. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2024. Kisiwani Pemba, Sarah Walshaw alichunguza mbegu za Tumbe, kijiji cha karne ya 7 hadi ya 10, akakuta uwele ndio uliotawala. Katika mji wa Chwaka, wa karne ya 11 hadi ya 15, mpunga ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walionyesha kuwa, kati ya karne ya 8 na ya 10, watu wa Komoro walikula zaidi mpunga na choroko zenye asili ya Asia, hali wenzao wa pwani yetu walitegemea zaidi mtama, uwele na kunde za Afrika.

Waandishi wa zama za ukoloni waliiita miji ya pwani makoloni ya Waarabu na Waajemi. Mbegu zawakanusha: misingi ya kwanza ya miji hiyo ililishwa na jembe la Mwafrika. Lakini mbegu hizo hizo zawakanusha pia wale wetu wanaodai kuwa hatukupokea kitu kutoka ng'ambo, maana mpunga ulipokelewa, ukalimwa, ukawa wetu. Punje haina upendeleo. Ndiyo maana hatuna budi kuipenda kuliko majigambo.

Yupo atakayeuliza: mwenye njaa leo atafaidi nini na punje za jana? Na aitazame Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Huko wakulima walijenga mifereji na vitalu vya mawe katika eneo la takriban kilomita za mraba 20, wakastawisha mtama mahali pakavu, kisha katika karne ya 18 wakahama. Kujua walivyotumia maji na kulinda rutuba, na kilichowashinda hatimaye, si anasa kwa nchi iogopayo ukame.

Aibu yetu ni kwamba vipimo vingi vya mbegu za pwani hii vimefanywa ng'ambo. Siwalaumu waliovifanya, wametufaa. Nailaumu desturi yetu ya kumfungia mwalimu wa kemia chumba kimoja na mwalimu wa historia chumba kingine, kana kwamba ni watu wa mataifa mawili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Wanafunzi wake watatoka wapi ikiwa sekondari haziwaandai?

Kuanza hakuhitaji fedha nyingi. Darasa na linunue kibaba cha mtama na kibaba cha mpunga Kariakoo, liziunguze punje ndani ya mchanga kwa moto mdogo na kwa moto mkali, liandike zipi zimebaki na umbo lake na zipi zimekuwa jivu. Kisha lichanganye mkaa huo na udongo, na kuuelea tena katika ndoo. Magofu ya kale yasiguswe, maana yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na udongo uliovurugwa haurudiki. Kijana aliyekwisha kufanya hivyo hataambiwa tena na mtu yeyote kwamba babu zake hawakuacha maandishi.