Mwalimu Asihukumiwe kwa Kueleweka

Ipo shutuma inayowaandama walimu wa Kiingereza katika shule zetu za Rwanda: kwamba wanachanganya ndimi. Mwalimu akitamka sentensi moja ya Kinyarwanda katika kipindi chake, huonekana mvivu au asiyeimudu lugha anayoifundisha. Shutuma hii si ya haki, na anayeilipia ni mwanafunzi.

Kumbuka tulikotoka. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarejeshwa katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Mwishoni mwa 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Walimu wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa walitakiwa kugeuka kwa muda mfupi. Watoto wengi nao hurudi jioni katika nyumba ambamo Kiingereza hakisemwi.

Sasa itazame kazi yenyewe. Maneno "borrow" na "lend" huwatatiza wanafunzi mno. Mwalimu anaweza kuyafafanua kwa Kiingereza kipindi kizima, darasa likaitikia "yes, teacher" bila kuelewa. Au anaweza kusema: la kwanza ni gutira, la pili ni gutiza, kama vile kuazima na kuazimisha katika Kiswahili. Dakika moja yatosha. Zilizosalia wanafunzi hutunga sentensi zao za Kiingereza. Je, ni yupi aliyefundisha Kiingereza?

Simtetei anayetafsiri kila sentensi. Huyo huwazoesha wanafunzi kungoja Kinyarwanda na kuacha kusikiliza, ilhali mtihani wa taifa utawajia kwa Kiingereza. Kipimo kiwe hiki: baada ya lugha ya nyumbani kusaidia, je, wanafunzi walirudi kwenye Kiingereza wakasema na kuandika wenyewe?

Nchi yenye lugha rasmi nne, Kiswahili kikiwamo tangu 2017, haifai kumfunza raia wake mchanga kwamba lugha ya mama yake ni kosa la kufichwa mkaguzi anapobisha hodi. Mkaguzi asihesabu maneno ya Kinyarwanda, afungue madaftari. Nawe mzazi, usimwulize mtoto iwapo mwalimu alichanganya lugha. Mwambie akueleze alichojifunza, kwa lugha yoyote aitakayo. Akishindwa kwa zote, hapo ndipo una haki ya kwenda shuleni kulalamika.