Kujifunza si Kuacha

Wako wasemao kwamba kijana wa Tabora aendaye kukaa Ufaransa hana haja ya kujifunza ada za huko, kwani mwacha mila ni mtumwa. Methali hii ni ya kweli. Matumizi yake hapa ni ya uongo. Kujifunza si kuacha.

Wapagazi wa Kinyamwezi walipotoka Tabora kwenda Bagamoyo walipita nchi za watu kwa ada za wenyewe, na misafara ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Mfaransa Lavigerie mwaka 1868, walipoishika njia hiyo mwaka 1878 hawakusamehewa. Kwa kulipa hawakuacha kuwa Wafaransa.

Basi aingiaye dukani kule na aseme "bonjour" kabla ya kuuliza bei, maana asiyesalimu huhesabiwa mjeuri, kama ilivyo Tabora. Mezani mkate huwekwa kando ya sahani, na jibini hutangulia vitu vitamu. Asiyekunywa divai na aikatae kwa upole. Adabu ndiyo hongo ya leo. Anayeinyima hailindi mila yake, bali huiaibisha.