"Kwa Mwalimu" si "Mwalimu Street"

Kwenye njia inayopita chini ya kihamba chetu, huku mlimani juu ya mji wa Moshi, kimesimikwa kibao kisemacho MWALIMU STREET. Mwalimu anayetajwa hapo ni mimi. Nalisema hili mapema, wapenzi wasomaji, ili asije mtu akadhani kwamba haya ni malalamiko ya mzee aliyenyimwa heshima. Heshima nimepewa, tena bila kuiomba, nami naikataa.

Habari yenyewe ni fupi. Mwaka 2022, nchi nzima ilipokuwa katika Operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, vijana wawili walipita kijijini kwetu wakiwa na simu za kuchukulia taarifa. Mimi nilikuwa msibani, ng'ambo ya korongo. Wakawakuta watoto wanarudi shuleni, wakawauliza: hapa panaitwaje? Watoto wakajibu kama wanavyojibu siku zote: "Hapa ni kwa Mwalimu." Kijana akaandika. Baada ya muda kibao kikaja.

Tazameni kilichotokea baina ya kinywa cha mtoto na kibao cha bati. Mtoto alisema kwa Mwalimu, na katika Kiswahili hilo ni jina kamili la mahali. Neno dogo kwa limebeba nyumba, uwanja, mgomba na mbwa abwekaye. Halihitaji mkia. Aliyeandika alilikata kichwa, akalitia mkia wa Kiingereza, kisha akakihamisha kilichobaki kutoka nyumbani kwangu akakiweka juu ya njia ambayo mtoto hakuulizwa habari zake. Kwa kuwa njia ile ina jina. Wazee huiita Njia ya Mfongo, kwa sababu inafuata mfongo, mfereji wa maji uliochimbwa na watu wa ukoo mmoja zamani sana, ukiteremsha maji kutoka msituni mpaka kwenye vihamba vya chini. Mfongo wenyewe umekauka. Limebaki jina, na ufa ardhini unaoota majimaji wakati wa masika.

Sasa nikiri kosa langu. Kibao kiliposimama nilifurahi. Krismasi ile wajukuu walipopanda kutoka Dar es Salaam walinipiga picha chini yake, nami nikasimama wima kama mtu azinduaye daraja. Karibu mwaka mzima sikusema neno, mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote ya kazi na kuwafundisha vijana kwamba jina ni kauli.

Aliyeniamsha ni mama mmoja mjane, jirani yangu. Anayo karatasi ya mauziano ya kipande cha kihamba, imeandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi ambao wote wamekwisha kufa. Mpaka wa chini umetajwa hivi: "unaishia Njia ya Mfongo". Alipoipeleka ofisini kufuatilia hati, kijana wa mezani alitazama orodha yake, akamwuliza kwa upole tu: "Bibi, hiyo Njia ya Mfongo iko wapi? Hapa haipo." Akarudi nyumbani na karatasi yake ikiwa imekunjwa kwenye kanga, akaja kuniuliza mimi, mwenye kibao, kama najua la kufanya. Siku hiyo niliona aibu ambayo sijaisahau.

Nimeshuka mjini mara kadhaa tangu hapo kwa kazi moja tu, kusoma vibao. Moshi ni mji wa kusikitisha na kuchekesha kwa mtu apendaye maneno. Mtaa wa wenye nacho, wenye bustani na miti mikubwa ya kivuli, unaitwa Shanty Town, yaani mji wa vibanda. Ipo barabara iitwayo Double Road, jina ambalo ni hesabu ya njia za magari. Ipo Rindi Lane. Rindi alikuwa Mangi wa Moshi ile ya mlimani, baba yake Mangi Meli. Wazungu walimwandika vitabuni mwao kwa jina la Mandara, na kwa jina hilo kikaitwa kituo cha kulala wapandaji kwenye njia ya Marangu, mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu mmoja, majina mawili, moja kwa watalii na moja kwa wenye maduka, na vijana niliowauliza hawakujua kuwa ni mtu yule yule. Kibao kingeweza kuwaambia. Kibao kinasema Lane.

Halafu mtaniambia kuwa hizi ni athari za mkoloni. Si kweli, au si kweli tena. Barabara moja ya Dar es Salaam iliitwa Acacia Avenue, baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, baadaye ikawa Samora Avenue. Mti ukaondoka, uhuru ukaingia, shujaa wa Msumbiji akaja, lakini Avenue haikuondoka hata mara moja. Tulibadilisha abiria tukaacha gari. Na mwaka 2022 hapakuwa na mkoloni kijijini kwetu. Palikuwa na vijana wetu, waliofundishwa na sisi.

Kwa nini vijana hao walikimbilia Street? Nimelifikiri sana swali hili, na jibu nililolipata halitupendezi sisi wa lugha. Walikimbia kwa sababu neno mtaa limechoka. Katika utawala wetu wa miji, mtaa ni eneo lenye mwenyekiti wake. Tulichagua wenyeviti hao tarehe 27 Novemba 2024. Papo hapo, mtaa ni njia yenye nyumba pande mbili, kama Mtaa wa Sikukuu au wa Narung'ombe pale Kariakoo. Kwa hiyo mkazi wa mjini anaweza kuishi kwenye mtaa fulani ndani ya Mtaa mwingine, na karani mwenye safu mbili za kujaza hawezi kuandika neno lile lile mara mbili. Akatafuta neno la pili, hakulipata kwetu, akalipata kwa Mwingereza.

Nasi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunagombana. Karibu nusu karne tumebishana kama shairi lisilo na vina ni shairi. Mimi mwenyewe nimeshiriki, na sijutii kila nilichosema. Lakini maandishi yanayosomwa na watu wengi zaidi katika mji wowote hayamo katika diwani zetu. Yapo juu ya nguzo, kwenye kona, yanasomwa na dereva wa bodaboda, muuza ndizi na mgeni aliyepotea. Hayo tuliyaachia watu waliopewa tarehe ya mwisho na simu, halafu tunashangaa.

Tena maneno tunayo. Barabara kwa njia kuu. Njia kwa hizi zinazopanda na kushuka. Ujia kwa kile kipenyo cha baina ya nyumba na nyumba, na kichochoro kwa kilichobana zaidi. Ningependa neno mtaa tumwachie mwenyekiti wake, na njia ichukue kazi ya Street. Najua watu wa Kariakoo watanipinga, na wana hoja yao. Mtaa wa Sikukuu umekwisha zoeleka na sitaki kumvunjia mtu mazoea. Lakini mahali ambapo kibao ni kipya, hatuna kisingizio.

Zaidi ya hayo, majina mengi ya Kiswahili hayahitaji hata neno hilo. Hapa Moshi tunayo Mjohoroni: mti na kiambishi -ni, basi, umefika. Ukiongeza Street umesema "mahali pa kwenye mjohoro mahali". Tunayo Kwa Sadala kwenye barabara ya Arusha. Tunayo Mailisita, jina lililozaliwa na kipimo cha kigeni likawa letu kabisa. Nendeni Unguja mkasome Mji Mkongwe: Mkunazini, Sokomuhogo, Darajani, Kajificheni. Hilo la mwisho ni sentensi nzima. Na Kariakoo yenyewe ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, Waswahili wakakitafuna mpaka kikawa chao. Lugha inayoweza kuimeza Carrier Corps haiwezi kushindwa na Lane.

Mtaona kwamba simtetei mtu wa Kichaga dhidi ya Kiswahili. Kuna wanaoniambia kwamba majina ya mlimani ni ya kikabila, hayaeleweki kwa mgeni, na kwamba Kiswahili kinaunganisha. Nakubali kinaunganisha. Lakini jina la mji wenyewe ni la mlimani. Mara nyingi nimesikia wasomi wakieleza kuwa Moshi ni moshi wa gari moshi, na hapo huwa nashindwa kunyamaza: reli ya kutoka Tanga ilifika mwaka 1911, na Charles New alikuwa mgeni wa Mangi Rindi huko Moshi mwaka 1871. Jina lilitangulia treni kwa miaka 40 na zaidi. Lilishuka kutoka juu likaja kukaa kituoni, na Kiswahili hakikuvunjika mbavu kwa kulipokea. Mfongo nao kingeupokea.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, leo ni ofisa katika halmashauri mojawapo, alinijibu kwa adabu zote. "Shikamoo Mwalimu. Gari la wagonjwa halina muda wa historia." Ni hoja nzito, na huku kwetu, ambako usiku wa mvua mtu hubebwa mgongoni mpaka barabarani, siwezi kuipuuza. Basi tuifuate mpaka mwisho. Postikodi yetu ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ndiyo sababu zetu za Kilimanjaro huanza na 25, ya tatu ni wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Hapo inakoma. Kuanzia kwenye kata, dereva ana jina la njia na namba ya nyumba tu. Sasa nauliza: katika mlima huu uliojaa shule na wastaafu, ni njia ngapi zenye mwalimu? Ni njia ngapi zenye kanisa, zahanati, duka la kona? Jina jepesi ndilo linalopoteza gari la wagonjwa. Na dereva akipotea saa nane za usiku atamwuliza mtu, naye mtu huyo, akiwa mzaliwa wa hapa, anaijua Njia ya Mfongo tangu utotoni. Hiyo Street hajawahi kuitamka.

Kuhusu namba sina ugomvi mkubwa. Witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Nafurahi kwamba maneno haya mawili, ambayo hesabu inayashirikiana na sala za usiku za Waislamu, bado yapo kazini. Tatizo lipo kidogo: mfumo unahesabu kushoto na kulia, nasi watu wa mlimani tunahesabu juu na chini. Mwulize mama yeyote wa Uru au Kibosho jirani yake yuko wapi, atakwambia yuko juu yangu au yuko chini yangu. Tena nyumba zetu hazikupangwa kandokando ya njia. Zimejificha ndani ya migomba, za baba na za wana katika kihamba kimoja, lango moja. Lakini namba huzoeleka. Jina likishakufa, hakuna wa kulifufua baada ya wazee hawa kuondoka.

Ninachokitaka si kikubwa. Kila kijiji kina mkutano mkuu, na kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake. Orodha ya majina ya njia isomwe pale kwa sauti, moja moja, kabla haijaitwa ya kudumu. Wazee waulizwe, watoto wasikilizwe. Na nyinyi malenga mhudhurie. Najua mikutano hiyo inachosha, najua ajenda ya maji na ya ng'ombe waliovuka mpaka huja kwanza. Kaeni mpaka mwisho. Kila mmoja wenu anajua angalau majina matatu ya mahali alipozaliwa ambayo hayako kwenye kibao chochote. Yaandikeni, muyapeleke kwa mtendaji, mdai yagongwe muhuri.

Mimi nimeanza na langu. Wiki iliyopita nilimpelekea mtendaji wa kijiji barua ya kuomba jina langu liondolewe kwenye kibao na Njia ya Mfongo irudishwe mahali pake, nikaambatisha nakala ya karatasi ya yule mama. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Aliisoma barua yote, akaipiga muhuri, akafungua daftari la barua zinazoingia. Kwenye safu ya anwani ya mwandishi akaandika, kwa mwandiko mzuri sana: Mwalimu Street.