Chakula cha Askari Kipimwe Langoni mwa Ghala

Askari anapotajiwa neno sumu, fikira zake humpeleka mara moja kwenye gesi za vita na vinyago vya kujikinga. Si kosa kufikiri hivyo, lakini sumu iliyo karibu naye zaidi yaweza kuwamo katika gunia la unga wa posho, au katika nyanya ziletwazo kambini. La ajabu ni kwamba baadhi ya sumu za vita na baadhi ya dawa za shambani ni ndugu wa ukoo mmoja.

Mwaka 1936 mkemia wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa akitafuta dawa mpya ya kuua wadudu akaipata tabuni, kitu kikali mno hata hakikufaa kwa mashamba. Jeshi la nchi yake likakichukua. Mwaka 1938 ikafuata sarini, ile ile ambayo kundi moja la kidini liliitawanya katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo tarehe 20 Machi 1995. Dawa kadhaa zinazonyunyiziwa mboga ni za ukoo huo, ingawa ukali wake ni mdogo. Zote humshambulia mtumishi mmoja wa mwili aitwaye kimeng'enya.

Vimeng'enya huharakisha kazi za kemia mwilini. Huyu tunayemsema hukaa mahali mishipa ya fahamu inapokutana na misuli, na kazi yake ni kufuta amri ikiisha kutekelezwa. Amri isipofutwa misuli hutetemeka na kuishiwa nguvu, mate na jasho hububujika, na mwisho pumzi hukatika.

Wataalamu wameugeuza udhaifu huo kuwa ulinzi. Kimeng'enya hupakwa juu ya ncha ndogo ya umeme, kisha hupewa kemikali ya kuvunjavunja. Kikiwa kizima, mkondo wa umeme huonekana. Kikikutana na maji yaliyooshea nyanya zenye dawa, mkondo hushuka, na kadiri unavyoshuka ndivyo sumu ilivyo nyingi. Kifaa hicho huitwa bayosensa. Asili yake ni kazi ya Leland Clark na Champ Lyons huko Marekani mwaka 1962, na mgonjwa wa kisukari anayepima sukari kwa tone la damu nyumbani kwake anakitumia kizazi cha kifaa hicho. Jeshi la Marekani nalo lina kifurushi cha M256, chenye kidirisha cha kimeng'enya: hewa ikiwa safi kidirisha hugeuka buluu, na penye gesi ya mishipa ya fahamu rangi hiyo haitokei.

Kipo pia kimeng'enya kiitwacho ureasi, ambacho huzimwa na zebaki. Askari walindao maeneo kama Busia, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, wana haki ya kujua wanakunywa maji gani.

Rai yangu ni kwamba vipimo viwekwe langoni mwa maghala ya kambi na vyuo vya polisi. Mtunza ghala mzoefu huuma punje, hunusa, hutia mkono ndani ya gunia. Jino hutambua unyevu. Halitambui dawa wala sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua wenzetu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, na kati yao 125 walifariki. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, kisha ikayaruhusu kwa masharti ya vyeti. Ikiwa jirani hupima kabla ya kununua, sisi tunaokula tungojee nini?

Nisieleweke vibaya. Kimeng'enya si mganga wa kila sumu. Machi 2019 huko Karamoja, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliochanganyika na sumu ya mnanaha. Sumu hiyo haikigusi kimeng'enya chetu, hupita mlango mwingine, na kipimo nilichokieleza kingeupitisha unga ule bila kelele. Kwa sumukuvu nako, vijikaratasi vya kingamwili ndivyo vilivyozoeleka. Tena kimeng'enya huharibika kwa joto, chataka jokofu, na hakitaji jina la sumu iliyokizima. Kwa hiyo maabara ya serikali pale Wandegeya itabaki kuwa mwamuzi. Lakini sampuli itokayo Moroto ina safari ndefu kufika Wandegeya, na sufuria haingoji majibu.

Gharama itazungumzwa, nayo yazungumzika. Lililo gumu zaidi ni cheo. Koplo mwenye kipimo mkononi atasimama mbele ya lori la mzabuni anayefahamiana na wakubwa, aseme kwamba mzigo urudi. Bila ulinzi wa maandishi hatasema, na kifaa kitakaa kabatini kikikusanya vumbi. Basi amri ya kumpa mpimaji mamlaka ya kukataa mzigo, bila kujali ni barua ya nani iliyokuja nao, iandikwe kabla kifaa cha kwanza hakijanunuliwa.