Wanajua kushona vizuri, ila wanachagua wa kumshonea

LUBUMBASHI – Katika soko la Kenya, jezi zinaning'inia toka asubuhi: Paris, Madrid, Barcelona, kila rangi. Mnunuzi akirudi kulalamika kwamba namba imebanduka baada ya kufuliwa mara mbili, muuzaji ana jibu moja tu. Hiyo ni kopi, mama, ya kweli haiwezi kufanya hivyo. Mji mzima unaamini jibu hilo. Si sahihi.

Tarehe 19 Juni 2016, mjini Lille, Uswisi ilicheza na Ufaransa katika Kombe la Ulaya. Waswisi walivaa jezi za Puma, za kweli kabisa, zilizotoka kiwandani kwa ajili ya mashindano makubwa. Mchezaji mmoja akavutwa, jezi ikapasuka. Wa pili vilevile. Granit Xhaka alilazimika kubadilisha zaidi ya mara moja, na dunia nzima inaangalia. (Siku hiyohiyo mpira wa Adidas nao ulipasuka uwanjani, kwa hiyo aibu iligawanywa.) Puma ilieleza baadaye kwamba fungu moja la kitambaa lilikuwa na nyuzi zilizoharibika wakati wa kutengenezwa. Maelezo hayo yanaeleweka. Lakini fundi wa kushona wa Kenya au Katuba huvuta kitambaa kwa mikono miwili kabla ya kukikata. Nani alikivuta kile cha Lille?

Kushindwa mara moja si dhambi. Kinachoudhi ni kwamba kampuni hizi zinafanya kazi safi sana upande mmoja, kisha upande mwingine zinafanya kazi ya kutupwa, huku alama ya kifuani ni ileile na bei inabaki juu.

Nike ni mfano ulio wazi. Mwaka 2018 ilishonea Nigeria jezi ya kijani na nyeupe ambayo watu walipanga mstari barabarani London kuinunua, ikaisha siku ileile. Mchoro wake ulikumbusha jezi ya Nigeria ya mwaka 1994, ambayo kwa kweli ilikuwa kazi ya Adidas, lakini tuseme haki: ilikuwa nzuri. Miezi michache kabla ya hapo, Oktoba 2017, Nike hiyohiyo ilikuwa imeanza kuvalisha ligi ya basketi ya Marekani, NBA. Katika mechi ya kwanza ya msimu, jezi ya LeBron James ilipasuka mgongoni, katikati ya namba. Hakuwa peke yake msimu huo.

Kisha ikafika zamu ya besiboli, mchezo ambao Wakongomani wengi wanauona kwenye filamu tu. Mwanzoni mwa 2024, wachezaji wa ligi kuu ya Marekani walipewa jezi mpya zilizochorwa na Nike na kushonwa na Fanatics. Nike ilizisifu kuwa ni nyepesi na za kisasa. Wachezaji waliona mengine: majina mgongoni yamekuwa madogo kama ya watoto wa shule, kijivu cha shati hakifanani na kijivu cha suruali, jasho linachora ramani kifuani. Hata suruali zililalamikiwa, kwa sababu mkia wa shati ulioingizwa ndani ulionekana kwa nje. Sendika ya wachezaji iliandikia wanachama wake kwamba kosa ni la Nike, si la kiwanda kilichofuata maagizo. Ligi ikakubali kurekebisha, na msimu wa 2025 majina makubwa yakarudi.

Mwezi Aprili 2024 ilionyeshwa nguo ya wanariadha wa kike wa Marekani kwa ajili ya Michezo ya Paris, imekatwa juu kiunoni kiasi kwamba wakimbiaji wenyewe waliuliza kama aliyeichora amewahi kukimbia. Nike ilijibu kwamba kuna nguo nyingine za kuchagua. Basi kwa nini hiyo ndiyo ilitangulia kuonyeshwa?

Mwaka mmoja kabla, kwenye Kombe la Dunia la wanawake la 2023, golikipa wa Uingereza Mary Earps alichaguliwa kuwa golikipa bora wa mashindano. Jezi yake haikuwa dukani. Nike haikuitengeneza kwa kuuza. Ilibidi watu zaidi ya 150,000 watie sahihi ndipo zikatolewa chache, na zikaisha haraka. Kampuni yenye mashine za kutosha kutengeneza jezi tatu kila mwaka kwa timu moja ya wanaume haikuwa na nafasi ya jezi ya mwanamke mmoja.

Watetezi wanasema kila mchezo una soko lake, na kampuni si shirika la misaada. Kwa hiyo jezi hazitengenezwi kwa utaalamu uleule kwa kila mtu. Utaalamu unafuata mwenye sauti ya kulalamika. Wachezaji wa besiboli wana sendika. Mashabiki wa Dortmund, mwaka 2021, walipopewa jezi ya Puma isiyo na nembo ya klabu inayoonekana vizuri kifuani, walipiga kelele mpaka mkuu wa Puma mwenyewe akaomba radhi. Binti anayecheza handiboli Lubumbashi atamlalamikia nani?

Afrika inajua bei ya kutokuwa na sauti. Puma iliishonea Cameroon jezi bila mikono mwaka 2002, FIFA ikaikataa kwenye Kombe la Dunia, mikono myeusi ikaongezwa. Mwaka 2004 ikaishonea jezi na pensi vilivyoungana kuwa nguo moja. Wazo lilikuwa la Puma, lakini FIFA ilipokasirika ni Cameroon iliyotozwa faini na kunyang'anywa pointi sita za kufuzu Kombe la Dunia. Pointi zilirudishwa baadaye. Puma ilibaki na sifa ya ubunifu.

Na isisemwe kwamba timu ndogo haiwezi kupata kitu kizuri. Mwaka 1974 Adidas iliivalisha Zaire jezi ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani. Timu hiyo ilifungwa mabao 14 katika mechi tatu, haikufunga hata moja, na jezi ile mpaka leo inatafutwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa.

Mashirikisho ya Kongo, ya mpira wa miguu, basketi, handiboli na mengine, yanapotia sahihi na kampuni ya nje, yaseme hadharani nani atapima kitambaa kabla ya safari, na nani atalipa kikipasuka au kikikataliwa. Timu za wanawake ziwe ndani ya mkataba uleule, kwa vipimo vyao, si masalio ya wanaume. TP Mazembe ya wanawake ilichukua ubingwa wa Afrika mwezi Novemba 2024. Msichana wa Kamalondo anayetaka jezi ya golikipa wao aipate palepale inapouzwa ya mshambuliaji wa wanaume, bila kukusanya sahihi 150,000.