KURA NI UJIRA WA KAZI ILIYOKWISHA FANYWA



Kila mmoja wetu aliyepata kufanya kazi ya zamu ya usiku anaujua mlango wa nyuma. Mahali pamoja ambapo baadhi yetu tulifanya kazi, mlango huo ulifungwa kwa kufuli tangu jua kuchwa, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mtu mmoja ambaye mara nyingi alikuwa amekwenda kunywa chai. Tulipouliza, tukaambiwa kwamba mali inaibwa. Kwa rehema ya Mungu hapakutokea moto. Lakini tunautaja mlango huo leo kwa sababu twataka kusema nanyi juu ya kura, na kura na kufuli lile havipo mbali kama watu wanavyodhani.

Wanachama wengi wametuuliza: Je, chama kiwaunge mkono Wabunge waliomo sasa ili warudi tena, au kinyamaze? Wengine wasema, “Chama kisijitie katika siasa.” Wengine wasema, “Wote ni wamoja, watoke wote, waingie wapya.” Na wengine, tusifichane, wasema, “Yule ni mtu wa kwetu, basi yatosha.” Twaona kwamba majibu yote matatu yana hasara kwa mfanya kazi. Ili tueleze kwa nini, tutawapeleka mbali kidogo, mpaka jimbo la New York katika Marekani. Wafanya kazi wa huko walipata swali hili hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, saa kumi na dakika 40 alasiri, moto ulizuka katika kiwanda cha kushona blauzi kilichoitwa Triangle, mjini New York. Kiwanda kilikuwa katika ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Waliokuwa wakishona walikuwa zaidi wasichana, Wayahudi na Waitaliano waliohamia nchi ile kutafuta riziki. Katika ghorofa ya 9 mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya chuma ya nje ilivunjika kwa uzito wa watu. Ngazi za wazima moto zilifika ghorofa ya 6 tu. Wasichana wakajitupa chini kutoka madirishani. Katika muda usiotimia nusu saa watu 146 walikuwa wamekufa au wamepata majeraha yaliyowaua. Wafanya kazi wa kiwanda kile walikuwa wamegoma katika mwaka 1909, na wenye kiwanda walikataa kufanya mapatano na chama chao. Baada ya moto, wenye kiwanda walipelekwa mahakamani, nao wakaonekana hawana hatia.

Tazameni basi. Mgomo haukuufungua mlango ule. Mahakama haikumrudisha hata mmoja. Ilibaki njia moja, yaani kutunga sheria kwamba mlango wa mahali pa kazi usifungwe kwa ufunguo wakati watu wamo ndani, na kuweka wakaguzi wa kuhakikisha. Na sheria hutungwa na nani? Hutungwa na wale waliochaguliwa. Hivyo ndugu yetu anayesema kwamba chama kisijitie katika siasa na atuambie, kufuli lile alifungue kwa kitu gani?

Katika mwaka huo huo wa 1911 Bunge la jimbo la New York liliunda Tume ya kuchunguza viwanda. Mwenyekiti wake alikuwa Robert Wagner wa Seneti ya jimbo, na msaidizi wake Alfred Smith wa baraza la pili, liitwalo Asembli. Wagner alizaliwa Ujerumani, akaletwa Marekani akiwa mtoto, na baba yake alikuwa mtunza nyumba za watu. Smith aliacha shule akiwa kijana mdogo baada ya kufiwa na baba yake, akafanya kazi katika soko la samaki. Katika Tume hiyo alikuwamo pia Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi.

Hawakukaa ofisini kungojea barua. Waliwaita mashahidi zaidi ya 200 katika mwaka wa kwanza. Walitembelea viwanda, wakapanda ngazi, wakavifungua vyoo, wakawaona watoto wadogo wakifanya kazi ya kutia mboga katika mikebe. Mama mmoja aitwaye Frances Perkins, ambaye aliuona moto wa Triangle kwa macho yake, aliwaongoza katika ziara hizo ili waone wenyewe yale ambayo matajiri hawakupenda yaonekane.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Kufikia mwaka 1914 sheria zaidi ya 30 zilikuwa zimepita: milango isifungwe kwa ufunguo watu wakiwa kazini, wafanya kazi wafundishwe namna ya kutoka upesi moto ukizuka, majumba marefu ya viwanda yawekwe mabomba darini yanayomwaga maji yenyewe, pawe na maji ya kunawa na vyoo safi, watoto walindwe, na mfanya kazi apate siku moja ya kupumzika katika siku saba. Wenye viwanda vya mikebe walipoomba wasiguswe na sheria ya siku ya kupumzika, Smith alisimama akawaambia Wabunge kwamba yeye ameisoma ile amri ya kuitakasa siku ya Sabato, wala hakuona mahali iliposema “isipokuwa katika viwanda vya mikebe.” Sisi tuliofundishwa Amri Kumi katika shule za misheni twalielewa neno hilo bila mkalimani.

Twataka mwelewe pia kwamba watu hawa hawakuwa malaika. Wote wawili walitoka katika kundi la siasa la mjini New York lililoitwa Tammany, ambalo sifa yake ya rushwa ilijulikana nchi nzima. Sheria ya mwaka 1912 ya kupunguza saa za kazi za wanawake mpaka 54 kwa juma ilipita baada ya kuwaacha nje wanawake wa viwanda vya mikebe. Ilikuwa nusu mkate. Mkubwa wa Tammany, Charles Murphy, mwanzoni hakuitaka sheria hiyo. Lakini Perkins alisimulia baadaye kwamba Murphy alimwambia amekwisha ona kuwa sheria ile imewaletea kura nyingi.

Ndugu, hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mkubwa wa siasa hakugeuzwa na machozi. Aligeuzwa na hesabu ya kura. Aliona ya kwamba Mjumbe aliyemtetea mfanya kazi hurudi Bungeni, na tangu siku hiyo kutetea wafanya kazi kukawa njia nzuri ya kushinda. Kama wafanya kazi wangaliwasahau Smith na Wagner siku ya kura, Murphy angalijifunza somo lingine, nasi tungalikuwa na hadithi ya moto tu, bila sheria.

Kukumbuka huko hakukuwa kazi ya siku moja. Wajumbe wa Asembli walichaguliwa kila mwaka, na Smith alirudishwa mwaka baada ya mwaka, tangu 1904 hata 1915. Katika mwaka 1913 alikuwa Spika. Wagner alikaa Seneti ya jimbo tangu 1909 mpaka 1918. Tena fikirini: wengi wa wale waliokufa Triangle hawakuwa na kura hata wangalikuwa hai, kwa maana wanawake wa New York walipata haki hiyo katika mwaka 1917. Na Smith, aliyekuwa Mkatoliki wa asili ya Kiairishi, hakuuliza wasichana wale wa Kiyahudi ni wa kabila gani. Basi yule asemaye “mtu wa kwetu yatosha” na ajipime hapo.

Faida ya kumrudisha mtu mwema huongezeka kwa miaka. Smith alikuwa Gavana wa jimbo, akachaguliwa mara nne. Perkins alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani tangu 1933 mpaka 1945, mwanamke wa kwanza kuingia katika Baraza la Mawaziri la nchi ile. Na Wagner, alipokwisha kupelekwa Seneti ya taifa, ndiye aliyeleta sheria ya mwaka 1935 iliyowapa wafanya kazi wa viwandani haki ya kuunda vyama na kujadiliana na matajiri wao. Sheria hiyo nayo ilikuwa na upungufu, kwa kuwa iliwaacha wafanya kazi wa mashamba na wa nyumbani. Sisi wa reli tujue kwamba wenzetu wa huko walikuwa na sheria yao mbali, ya mwaka 1926. Lakini mambo hayo yote yasingaliwezekana kama Smith na Wagner wangaliondolewa baada ya kipindi kimoja kwa ajili ya ile kelele ya “watoke wote.”

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kenya Bunge lilipitisha sheria tano za kazi katika mwaka 2007, zikiwamo sheria ya ajira, sheria ya vyama na mapatano, na sheria ya usalama na afya kazini. Kwa hizo mfanya kazi anayo likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, mama anayo miezi mitatu ya uzazi, na kila mtu anayo siku moja ya kupumzika katika siku saba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imetupa haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Sheria hizo zilipitishwa na watu waliochaguliwa, na watu waliochaguliwa waweza kuzifuta. Neno moja likiongezwa au likiondolewa usiku katika mswada, siku ya kupumzika yaweza kuondoka. Kwa hiyo twahitaji mlinzi aliyekwisha kulizoea lango, mradi awe mlinzi kweli.

Tutamjuaje? Si kwa gunia la unga, wala kwa mchango wa harambee, wala kwa fulana yenye picha yake. Gunia la unga huliwa likaisha katika juma moja. Kifungu cha sheria hulisha hata watoto wako. Twaomba kila tawi limpime Mbunge na kila mjumbe wa baraza la kaunti kwa maswali haya:

Kwanza, ni mswada gani wa kumfaa mfanya kazi alioleta, au alioutetea kwa jina lake?

Pili, alipigaje kura? Maneno ya Bunge huchapwa katika Hansard, na kura ya kuhesabiwa hujulikana. Zamani za babu zetu wengi hawakujua nani alisema nini juu ya kodi zao. Tarehe 25 Juni 2024 nchi nzima ilijua kwamba Wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha na 106 waliukataa. Basi hakuna tena udhuru wa kutojua.

Tatu, amepata kuja mwenyewe mahali pa kazi, akauona mlango wa nyuma, bila kuandaliwa karamu na mwenye kampuni?

Nne, aliposukumwa na mkubwa wa chama chake au na matajiri, alikubali kuondoa nini, na alikataa kuondoa nini? Nusu mkate twaweza kuipokea, lakini atuambie waziwazi kwamba ni nusu, na kwamba atarudi kuitafuta iliyobaki.

Atakayejibu maswali hayo vyema, chama kimuunge mkono mchana kweupe, awe wa kabila gani au wa chama gani cha siasa. Tusimwunge kwa mdomo tu. Mbunge aliyewaudhi wenye fedha kwa ajili yetu atakosa fedha zao wakati wa kampeni, na watampa mpinzani wake. Pengo hilo halizibwi na barua ya shukrani. Litazibwa na miguu yetu nyumba kwa nyumba, na kwa kusimama katika foleni alfajiri Jumanne ile ya pili ya Agosti. Tukimwacha peke yake, wale wengine wote watakuwa wanatazama, nao watajifunza kwamba kumtetea mfanya kazi ni kujichimbia kaburi. Hatutampata wa pili.

Na atakayeshindwa maswali hayo, asipate neno letu, hata akiwa ndugu wa damu wa Katibu au wa mhariri wa karatasi hii. Wala kumuunga mtu mkono si kumwoa. Akigeuka, tutamwambia usoni, na mara ijayo tutamnyima.

Twaomba majibu ya kila tawi yaandikwe na kuletwa kwa Katibu kabla ya mkutano mkuu, ili wanachama wenyewe wapige kura juu ya majina. Halmashauri haitachagua kwa niaba yenu katika chumba kilichofungwa. Tumekwisha kusema ya kutosha juu ya milango iliyofungwa.

UMOJA NI NGUVU.

Mhariri, kwa niaba ya Halmashauri